Zamu na Njaa: Mahali pa Kifo katika Michezo ya Video ya Kimbinu na ya Kunusurika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michezo mitano ya video: mitatu ya kimbinu inayochezwa kwa zamu, yaani XCOM: Enemy Unknown (2012), Darkest Dungeon (2016) na Into the Breach (2018), na miwili ya kunusurika, yaani This War of Mine (2014) na The Long Dark (2017). Swali linaloulizwa ni moja: mhusika anapofia mikononi mwa mchezaji, kifo hicho kimetokea wapi? Makala yanadai kwamba katika michezo ya zamu kifo kina anwani. Mchezaji anaweza kukionyesha kwa kidole katika zamu fulani na mraba fulani. Katika michezo ya kunusurika anwani hiyo haipo, kwa kuwa kifo kilianza siku ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Tofauti hii haitokani na hadithi inayosimuliwa. Inatokana na kanuni mbili ambazo uhakiki wa kifasihi haujazoea kuzisoma: kanuni ya kile ambacho mchezaji anaruhusiwa kujua, na kanuni ya kurudi nyuma.

Istilahi muhimu: mchezo wa video, zamu, kunusurika, kifo cha kudumu, hifadhi, tanzia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuhakiki mchezo wa video hukutana mapema na tatizo la matini. Anayesoma Rosa Mistika leo na atakayeisoma mwaka kesho wana maneno yaleyale mbele yao, hata kama watayafasiri kwa namna tofauti. Wachezaji wawili wa XCOM hawana askari walewale, hawapigani vita vilevile, na mmoja anaweza kuwa amezika watu thelathini ambao mwenzake hakuwahi kuwasikia. Espen Aarseth, katika kitabu chake Cybertext (1997), alilishughulikia tatizo hili kwa kusema kuwa zipo matini ambazo haziwezi kupitiwa bila msomaji kufanya kazi halisi ya kuchagua na kutenda, na kwamba kazi hiyo ni sehemu ya matini yenyewe. Kwa mhakiki wa Kiswahili hoja hiyo haishtui sana. M. M. Mulokozi amekwisha kutufundisha kuiona fasihi simulizi kuwa ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Anayechukua maneno peke yake amechukua kipande tu cha kazi. Mchezo wa video nao ni tukio. Tofauti ni kwamba fanani na hadhira wameketi katika kiti kimoja.

Hata hivyo, kishawishi cha kuusoma mchezo kama riwaya ni kikubwa. Mhakiki hufupisha hadithi, huorodhesha wahusika, huchomoa dhamira, kisha hufunga daftari. Kwa michezo inayojadiliwa hapa njia hiyo huleta mavuno haba. Hadithi ya XCOM inaenea katika sentensi moja: viumbe kutoka anga za mbali wameivamia dunia na kikosi cha siri kinawazuia. Wahusika wake hawana haiba yoyote iliyoandikwa. Ni majina yaliyookotwa kwa nasibu na kubandikwa nchi. Kama fani na maudhui ndiyo mizani pekee, mchezo huu ni mwepesi kama karatasi. Lakini wachezaji huwaomboleza askari hao wasio na haiba. Huwapa majina ya jamaa na marafiki zao, hukumbuka miaka kadhaa baadaye ni nani aliyekufa na wapi, na huacha kuucheza mchezo kwa wiki nzima baada ya kumpoteza mmoja wao. Nadharia inayopuuza huzuni hiyo itakuwa imeliacha nje lile hasa linalofanya kazi hii isomwe.

Jesper Juul, katika The Art of Failure (2013), ameliita jambo hili kitendawili: binadamu huepuka kushindwa, lakini hutafuta michezo ambayo ana hakika atashindwa ndani yake. Makala haya hayataki kukitegua kitendawili hicho kwa michezo yote. Yanashika kona moja, nayo ni kifo cha mhusika ambaye mchezaji alikuwa na wajibu wa kumlinda. Picha, sauti na historia ya biashara ya michezo hii yamewekwa kando. Mwandishi ni mchezaji wa michezo yote mitano, na hukumu zilizomo humu ni za mchezaji.

2.0 Bahati na Kisingizio: XCOM

XCOM: Enemy Unknown ilitolewa mwaka 2012 na studio ya Firaxis ya Marekani, msanifu wake mkuu akiwa Jake Solomon. Ni ufufuo wa mchezo wa mwaka 1994 uliobuniwa na Julian Gollop na nduguye Nick huko Uingereza. Mchezaji huongoza kikosi kidogo, askari wanne mwanzoni na wasiozidi sita baadaye. Kila askari ana vitendo viwili katika zamu yake: anaweza kusogea kisha kufyatua risasi, kukimbia mbali zaidi, kujikinga au kungoja. Kisha zamu humwendea adui. Kabla ya kufyatua, mchezo humwonyesha mchezaji asilimia ya uwezekano wa kumpata adui. Asilimia hiyo ndiyo moyo wa kazi hii, na ndiyo chanzo cha manung'uniko yake yote.

Mchezaji anayeonyeshwa 95 na kisha kukosa huhisi ameibiwa. Hisia hiyo haina msingi wa kihesabu. Anayepiga risasi ishirini za aina hiyo ana uwezekano wa asilimia 64 wa kukosa angalau moja, na katika kampeni nzima hupigwa mamia ya risasi. Lakini binadamu haisomi 95 kama ahadi yenye ufa. Huisoma kama ahadi. Wasanifu walilijua hilo. Solomon ameeleza hadharani kwamba katika viwango vya chini vya ugumu namba inayoonyeshwa si namba inayotumika. Mchezo humwongezea mchezaji nafasi kwa siri, ili kile kinachoitwa 85 kikaribie kile ambacho moyo wa mchezaji hutarajia kutoka kwa 85. Kwa maneno mengine, mchezo husema uongo ili uonekane mkweli. Mhakiki wa riwaya angeuita msimulizi wa namna hii msimulizi asiyeaminika, isipokuwa kwamba hapa kutoaminika kwake kunampendelea msikilizaji.

Bahati hii inafanya nini kwa kifo? Inampa mchezaji kisingizio. Askari anapouawa, jambo la kwanza analolisema mchezaji ni kwamba risasi ya 85 ilikosa. Ni kweli ilikosa. Lakini ukirudi nyuma zamu mbili au tatu, karibu kila mara utamkuta askari huyohuyo akisogezwa mbele kupita wenzake, au akiachwa nyuma ya uzio mfupi ambao haukingi lolote. Risasi iliyokosa ni kisa cha mwisho tu. Mchezaji hodari wa XCOM hutambulika kwa jambo hili: hazungumzi kuhusu risasi, bali kuhusu zamu iliyomfanya aihitaji risasi hiyo. Hapa ndipo ninaposema kifo kina anwani. Kwa kuwa mchezo umegawanywa katika zamu, na kila zamu ni uamuzi uliofungwa na wenye mipaka, mtu anaweza kutembea kinyumenyume hadi mlangoni pa kosa na kubisha hodi.

Msomaji wa tanzia ataitambua hali hii. Anayesoma Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein anaweza kuuliza ni wakati gani neno lilimponyoka aliyelisema likawa kubwa kuliko yeye, na tamthilia itamjibu. Kosa la shujaa lina mahali pake katika mtiririko wa matukio. XCOM, yenye hadithi hafifu kiasi kile, imerithi umbo hilo la tanzia bila kurithi lugha yake.

Lakini umbo hilo hudumu pale tu mchezaji anapokubali kutorudi. Mchezo unaruhusu kuhifadhi hali wakati wowote na kuirejesha askari akifa. Wasanifu waliweka vizuizi viwili ambavyo, kwa maoni yangu, vinastahili kusomwa kwa makini kama ambavyo tungesoma mbinu ya mwandishi. Cha kwanza ni kwamba pamoja na hali ya uwanja mchezo huhifadhi pia mfuatano wa namba za nasibu. Anayerudi nyuma na kupiga risasi ileile kutoka mahali palepale ataikosa vilevile. Hana budi kutenda jambo jingine ili majaliwa yabadilike. Kizuizi cha pili ni cha hiari: namna ya kucheza ambayo ina hifadhi moja tu, inayojiandika upya kila baada ya kitendo. Aliyeichagua ameuza haki yake ya kurudi nyuma.

Kazi hizi mbili ni tofauti ingawa zina jina moja. Kwa anayerudi nyuma, XCOM ni fumbo la kutegua, na askari ni vipande vya fumbo. Kwa aliyeiuza haki hiyo, ni kumbukumbu ya watu. Mhakiki anayeandika kuhusu mchezo huu bila kusema alicheza kwa kanuni ipi hajatuambia amesoma kitabu gani.

3.0 Kuona Kila Kitu: Into the Breach na Bao

Kama bahati ndiyo kisingizio, je, tukiiondoa? Into the Breach, kazi ya Justin Ma na Matthew Davis wa Subset Games, inalijibu swali hili kwa ukali. Uwanja wake ni wa miraba 8 kwa 8. Mchezaji ana mashine tatu. Wadudu wakubwa hutoka ardhini kushambulia majengo yenye watu, na kabla ya mchezaji kusogea, kila mdudu ametangaza mraba atakaoupiga na madhara atakayoyaleta. Hakuna asilimia ya kulenga. Mashine ikipiga, imepata. Bahati imebakizwa mahali pamoja tu panapoonekana: jengo lina uwezekano mdogo, asilimia 15 mwanzoni, wa kuhimili pigo. Yaani bahati yaweza kumwokoa mchezaji, haiwezi kumwangusha.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu wa kulinganisha nao, nao ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko wazi mbele ya wachezaji wote wawili na mbele ya watazamaji, ambao kwa kawaida wana maoni zaidi ya wachezaji. Hakuna dadu. Aliyeshindwa hana wa kumtupia lawama. Hata hivyo, kuona kete zote si kuona mwisho wa mtaji. Kete zinapozunguka, zikila na kusambazwa tena na tena, hesabu huupita uwezo wa macho, na hapo ndipo bingwa humwacha mcheza barazani mbali. Into the Breach ina mgawanyo huohuo kati ya kuona na kujua. Vyote viko wazi, lakini kumsukuma mdudu mmoja hubadili anayempiga nani, na msukumo wa tatu unaweza kulibomoa lile ambalo wa kwanza uliliokoa.

Ulinganisho huu unafika mahali ukavunjika, na hapo panafundisha zaidi. Katika bao kete iliyoliwa haifi. Inahamia upande wa mlaji na kuendelea na kazi yake. Uwanja hauna maiti. Ndiyo maana bao huleta majigambo, uchungu na hamu ya kurudiana, lakini hakuna anayeiomboleza kete. Into the Breach imechukua uwazi wa bao na kuutia watu. Majengo yanayopigwa yana wakazi, na mwisho wa safari mchezo huhesabu waliookolewa. Kwa hiyo jengo linapoporomoka hakuna ukungu wowote kati ya mchezaji na tendo lake. Alijua. Mara nyingi alichagua, kwa sababu jengo la pili lilikuwa na thamani zaidi, au kwa sababu rubani wake alikuwa hatarini. Kati ya michezo mitano ninayoijadili, huu ndio unaomfanya mchezaji anyamaze kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutenda.

Na kurudi nyuma? Mchezaji anaruhusiwa kuirudia zamu mara moja tu katika kila pambano. Akishindwa kabisa, rubani mmoja anaweza kupita katika ufa wa wakati na kuanza upya katika wakati mwingine. Ubunifu wa Ma na Davis ni kwamba wamelichukua jambo ambalo kila mchezaji hulifanya kimyakimya, la kuanza tena, wakaliingiza ndani ya hadithi na kulipa bei: ulimwengu ulioachwa umeachwa na watu wake. Ni wazo zuri. Lakini lina udhaifu ambao sioni kama umesemwa vya kutosha. Baada ya safari kumi, ulimwengu ulioachwa ni wa kumi, na watu wake hawana sura. Uwazi wa kanuni unapomfanya mchezaji kuwa hodari, humfanya pia kuwa mkavu. Wakazi hugeuka kuwa tarakimu juu ya jengo. Anwani ya kifo ipo, tena imeandikwa vizuri kuliko mahali pengine popote, lakini nyumba haina mwenyewe.

4.0 Kibarua wa Gizani: Darkest Dungeon

Darkest Dungeon, ya studio ya Red Hook ya Kanada, inahitaji maneno machache, kwa kuwa imesimama kwenye kizingiti kati ya aina mbili. Mapambano yake ni ya zamu na bahati kama ya XCOM, lakini mashujaa wana kipimo cha pili mbali na uhai: msongo wa mawazo, unaojaa kidogokidogo kwa giza, njaa na mapigo. Ukifika 100 shujaa hujaribiwa, na kwa kawaida huvunjika akili. Ukifika 200 moyo wake husimama. Mchezo hujihifadhi wenyewe bila kumwuliza mchezaji, hivyo hakuna kurudi.

Wengi wameusifu kwa kuonyesha gharama ya vita kwa nafsi ya askari. Nadhani unachokionyesha kwa uaminifu zaidi ni jambo jingine ambalo sina hakika kama lilikusudiwa. Kwa kuwa gari la farasi huleta mashujaa wapya kila wiki bila malipo, na kwa kuwa kutibu msongo hugharimu fedha, wachezaji wazoefu waligundua njia rahisi: chukua wanne wapya, wapeleke shimoni bila mwenge, wakusanye mali, kisha uwafukuze kazi wakirudi na akili zilizovunjika. Kanuni inaruhusu. Kwa kweli kanuni inapendekeza. Hapo mchezo wa kutisha hugeuka kuwa maelezo sahihi kabisa ya kazi ya kibarua, ambapo matibabu ni ghali kuliko mtu. Mhakiki anayefuata hadithi ya jumba lililolaaniwa hataliona hili. Lipo katika hesabu za mji.

5.0 Njaa Isiyo na Anwani: This War of Mine na The Long Dark

This War of Mine ilitolewa mwaka 2014 na 11 bit studios ya Warsaw. Mji wake, Pogoren, ni wa kubuni, lakini waundaji walivutwa na kuzingirwa kwa Sarajevo kati ya 1992 na 1996. Mchezaji haongozi askari. Anaongoza raia wachache ndani ya nyumba iliyotobolewa na makombora: kwa mfano Bruno anayejua kupika, Katia anayejua kujadili bei, na Pavle anayejua kukimbia. Mchana hawawezi kutoka kwa sababu ya wadunguzi. Hupika, hujenga vitanda, huchuja maji ya mvua. Usiku mmoja wao huenda kutafuta chakula na dawa katika nyumba za wengine. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuingiza mchezo huu katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa shule, jambo ambalo wanaosita kuuita mchezo wa video matini ya kusomwa wanapaswa kulifikiria.

Tukio linalotajwa mara nyingi na wanaoujadili mchezo huu ni lile la wazee wawili, mume na mke, wanaoishi katika nyumba tulivu yenye chakula tele. Hawawezi kujitetea. Mchezaji anaweza kuwaibia, naye akirudi nyumbani atawakuta watu wake wamejawa na majonzi. Tukio hilo ni zuri, na ndilo linalofaa kunukuliwa darasani. Lakini kwa maoni yangu siyo kilele cha kazi hii, kwa sababu bado ni la kitanzia: kuna usiku fulani, mlango fulani, uamuzi fulani. Lina anwani.

Nguvu ya pekee ya mchezo iko mahali ambapo hakuna tukio. Mchezaji mzoefu hawalishi watu wake kila siku. Hujifunza kungoja mpaka njaa iwe kali, kisha huwapa, na kwa namna hiyo chakula cha siku tatu hufika siku tano. Ni busara. Kila mama wa nyumba aliyewahi kupunguza vipimo mwishoni mwa mwezi anaijua. Lakini mwenye njaa hutembea polepole. Aliyelala sakafuni ili kitanda kitumiwe na mgonjwa huamka amechoka. Aliyechoka hakeshi vizuri akilinda mlango. Nyumba isiyolindwa vizuri huvamiwa. Aliyejeruhiwa katika uvamizi anahitaji bendeji ambazo zilibadilishwa kwa kuni. Baada ya wiki mbili mtu amekufa, na mchezaji anatafuta kosa. Halipo. Haba na haba imekikausha kibaba, na kila haba ilikuwa sahihi.

Kanuni ya kurudi nyuma inathibitisha hoja hii kwa namna ambayo sikuitarajia nilipoanza utafiti huu. Mchezo hujihifadhi mwanzoni mwa kila siku. Anayeacha kabla ya siku kwisha anaweza kuicheza upya siku hiyo. Katika XCOM ruhusa ya namna hiyo ingeliua jambo zima. Hapa haidhuru kitu, kwa kuwa siku anayoweza kuirudia siyo siku iliyomuua mtu wake. Mtu aliyekufa kwa homa leo alianza kufa siku ile alipokosa kuni, na siku hiyo imekwisha kufungwa. Mlango wa kurudi uko wazi, ila unaelekea chumba kisichohusika.

The Long Dark, ya Hinterland Studio ya Kanada, inalisukuma jambo hili mbali zaidi kwa kuondoa watu wote. Katika namna yake ya kunusurika hakuna hadithi, hakuna vita, hakuna jirani. Kuna msitu wa kaskazini, barafu, mbwamwitu, na mahitaji manne yanayopungua bila kukoma: joto, pumziko, maji na chakula. Mchezo ulipotolewa, mchezaji alipokufa hifadhi ilifutwa. Hakukuwa na pa kurudi kabisa.

Wachezaji wa mchezo huu waligundua jambo ambalo katika riwaya lingekuwa kejeli chungu. Kwa kuwa njaa hupunguza uhai polepole na usingizi wa mtu aliyeshiba huurudisha haraka, ilikuwa faida kushinda na njaa mchana kutwa na kula kidogo tu kabla ya kulala. Mtu aliweza kuishi miezi akiwa hajashiba hata siku moja. Wasanifu hawakuipiga marufuku njia hiyo. Waliongeza tuzo kwa anayejilisha ipasavyo kwa siku tatu mfululizo, ambaye huweza kubeba mzigo mzito zaidi na kuhimili zaidi. Mabishano yaliyozuka kuhusu badiliko hilo yalionekana kuwa ya kihesabu, lakini chini yake kulikuwa na swali la maana: kunusurika ni kutokufa tu, au ni kuishi? Upande mmoja ulisema mchezo unapima siku, basi anayeongeza siku ameucheza vizuri. Mwingine ulisema mtu anayelala njaa kwa makusudi karibu na ghala lililojaa nyama hachezi mchezo wa kunusurika bali anakicheza kipimo. Mimi naegemea upande wa pili, ila nakiri kwamba wa kwanza ulisoma kanuni kama zilivyoandikwa, na msomaji wa aina hiyo hapaswi kudharauliwa.

Tofauti ya zamu na saa inaonekana hapa kwa uwazi. Zamu humpa mchezaji mwanzo na mwisho wa tendo; humwambia sasa fikiri, sasa umetenda. Saa ya The Long Dark haina kituo. Mchezaji anayeamua kukata kuni kwa nusu saa zaidi, huku upepo ukibadilika, haoni kwamba ameamua jambo. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu ana babu anayejulikana. Kinachobaki baada ya kuganda njiani, umbali wa hatua mia kutoka kwenye kibanda, ni simanzi isiyo na mtu wa kulaumu, hata nafsi yako. Sanaa ya tanzia kama tunavyoifundisha haina jina la hali hiyo, kwa kuwa imejengwa juu ya kosa.

6.0 Rekodi za Marehemu

Hoja ya makala haya inaweza kupimwa kwa kuangalia jambo dogo ambalo kila mmoja wa michezo hii, isipokuwa Into the Breach, umelipa nafasi: namna marehemu anavyoandikwa. Katika bweni la askari wa XCOM kuna ukuta wa kumbukumbu wenye picha, na juu yake orodha ya majina, vyeo, idadi ya misheni na ya maadui waliouawa. Makaburi ya Darkest Dungeon humtaja shujaa pamoja na kilichomuua. Zote mbili ni rekodi za kijeshi: zinaeleza nani, wapi, kwa pigo la nani. Kifo chenye anwani huandikwa hivyo.

This War of Mine haina ukuta. Vita vinapokwisha, siku ambayo mchezaji haambiwi mapema, mchezo hupitia matukio ya siku zilizopita na kueleza kwa maneno machache yaliyompata kila mtu wa nyumba ile baadaye. Aliyesaidia majirani ana mwisho wake. Aliyeua ili apate makopo ana wake, hata kama alinusurika. Waliokufa hutajwa katika mfuatano uleule wa siku, kati ya uvamizi na ziara ya jirani aliyeomba dawa, bila mstari wao wa pekee. Ni uandishi wa shajara, si wa kaburi.

The Long Dark hutoa idadi ya siku alizoishi mtu, na takwimu za alichokula na alikotembea. Namna alivyokufa ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Lakini kuna kitu kingine. Kwa kila siku mchezo humwekea mchezaji ukurasa mtupu anaoweza kuuandika apendavyo, na ukurasa huo hubaki hata baada ya hifadhi kufutwa. Wengi huuacha mtupu. Wapo wanaouandika kila jioni, mistari miwili au mitatu, kabla ya kulala: nyama iliyobaki, buti lililochanika, mbwamwitu aliyeonekana karibu na daraja. Mtafiti anayetaka kujua ni lini hasa mtu huyo alianza kufa hana matini nyingine ya kusoma.